Neno Moja la Baba na Banda la Kuku

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie upesi maana Jumamosi ijayo kaka yangu anabomoa karakana ya baba na ruhusa nimeitoa mimi, na sasa sina hakika kama ilikuwa yangu kuitoa. Mimi ni fundi wa kupiga lipu, huu ni mwaka wa sita niko nchi za watu, nalala chumba chenye vitanda vinane na soksi kumi na sita, shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo nivumilie nikisahau nukta.

Baba ni seremala. Miaka minne iliyopita mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, daktari akasema ni ugonjwa wa Parkinson, sisi tukaelewa ni ugonjwa wa mikono, tukamtafutia kikombe chenye mshikio mkubwa tukaona tumemaliza kazi. Lakini mwaka huu umeingia mpaka kwenye maneno. Nyumbani wanasema ukimuuliza kitu anakutazama na uso mkavu kama umemkanyaga kidole, kimya, mpaka unadhani ameziba masikio, na akianza kuongea sauti ni ya mtu aliye chumba cha pili, akifika katikati anapotelewa na jina la kitu alichokijua kabla hajanizaa. Juzi, dada ameniambia, alikosa jina la randa, mshauri, randa, ile ya kulainishia mbao, chombo kilichotulisha sote, akabaki anaisukuma hewa kwa mkono. Kaka mkubwa anasema, "Mzee ameshaondoka, kimebaki kiti." Tunacheka, maana tukiacha kucheka itabidi tufikiri.

Mimi nampigia kila Ijumaa saa saba mchana, nimejibanza nyuma ya tangi la maji, tukipewa dakika ishirini za kula. Kazini kwetu ukiwa juu ya jukwaa ukaita "Ndoo!" na wa chini asiitike, unaita tena, asipoitika unaita kitu kingine, maana lipu inakauka na msimamizi ana macho ya mwewe. Nimezoea hivyo, na mzee naye naongea naye hivyo hivyo. Sasa wiki nzima kaka alikuwa ananisumbua, anataka pale penye karakana ajenge banda la kuku, akaniambia, "Wewe ndiye kipenzi chake, muulize wewe, akikubali mimi nashika nyundo." Ijumaa nikapiga, dada akamwekea mzee simu sikioni, salamu nikairuka kuokoa muda. "Baba, umeshakula?" Kimya. "Miguu je, inakwenda?" Kimya. Chakula changu kinapoa, wenzangu wanaanza kusimama, nikamwaga lote kwa pumzi moja, "Baba, karakana huitumii tena, kaka anataka kuivunja aweke kuku, tumruhusu?" Hapo nikasikia wazi kabisa, "Ndiyo." Nikamshukuru, nikakata, nikamtumia kaka ujumbe.

Jumatatu kaka akaenda na futi kupima, akamkuta mzee amevuta kiti amekaa katikati ya mlango wa karakana, habanduki. "Baba, si ulikubali mwenyewe?" Mzee akafungua mdomo, lakini kaka hakuwa na siku nzima ya kusubiri, akamgeukia dada akasema, "Unaona? Ameshasahau." Dada ndiye anayeishi na mzee, akaja juu, akasema baba anaelewa kila kitu, msubirini tu, na ile Ijumaa nilipopiga ndiyo kwanza alikuwa anamwondolea sahani. Kaka akamjibu, "Sahani na kuku vinahusiana nini?" Kusema kweli hata mimi sikuona vinahusiana nini.

Mshauri, mtu aliyekubali Ijumaa akakataa Jumatatu, bado ana akili ya kuamua mambo yake? Kaka anasema tumbebe na kiti chake. Nifanye nini?

Mpiga lipu, mbali na nyumbani

*

Mpiga lipu,

Pole kwa vitanda vinane na soksi zake. Huruma yangu inaishia hapo, sasa kaa vizuri.

Sahani inahusu hivi. Ulimuuliza baba yako kama ameshakula. Alikuwa ameshakula. Akasema ndiyo. Bahati mbaya wakati jibu linatoka, wewe ulikuwa umeshaipita miguu na umefika kwenye kuku. Sikuwepo na siwezi kuapa, lakini katika watu wote waliosikia habari ya ile sahani, ni mimi na dada yako tu tuliojali kuisikiliza.

Ugonjwa huo hauishii mikononi. Kwa wagonjwa wengi hupunguza kasi ya fikra, hushusha sauti, huficha majina ya vitu, na mambo mawili kwa wakati mmoja huwa mzigo mzito. Hata uso hukakamaa, ndiyo maana mnamwona amenuna wakati hajanuna. Wewe unayeita ndoo, fikiria wa chini ameshaibeba, yuko ngazi ya nne, na kila akikukaribia unampigia kelele ashuke akalete kitu kingine. Kisha unamwambia msimamizi kwamba yule hajui kazi.

Na randa hakuisahau. Si umeandika mwenyewe kwamba mkono wake uliisukuma hewani? Pale nani alishindwa kuelewa, yeye au nyinyi?

Sisemi akili yake haijaguswa. Huenda imeguswa, wapo wanaofika huko. Lakini hilo ni la daktari kupima. Dada yako amweleze daktari habari za maneno na fikra, asiishie kwenye mkono, na aulize kama kuna mtaalamu wa tiba ya usemi. Jambo la akili haliwezi kupimwa na mtu mwenye futi mkononi na mayai kichwani.

Leo, kabla hujatia tonge mdomoni, mpigie kaka yako umwambie ruhusa hiyo haipo. Usimung'unye maneno, sema, "Nilikosea." Kisha muulize dada yako ni saa ngapi dawa huwa imemkolea mzee, upige saa hiyo, redio imezimwa, na wewe uwe mbali na makelele ya tangi lako. Mwamkie baba yako kama mtu mwenye adabu na usubiri aitikie. Halafu swali moja, fupi: "Baba, karakana ibaki?" Kisha funga mdomo. Utasikia pumzi. Utasikia kiti kinalia. Utadhani simu imekatika, haijakatika. Usimmalizie sentensi wala usimtupie swali la pili. Chakula kikipoa, ukile kikiwa baridi, hutakufa.

Jambo la mwisho, na hili limeniuma. Barua yako nimeisoma mara mbili. Wewe umesema, kaka amesema, dada amesema, msimamizi naye ametiwa humo na macho yake. Baba yako, mwenye karakana, ana neno moja tu ndani ya barua nzima, na hilo moja mkawapa kuku. Usiniandikie tena kunieleza nyinyi mmeamua nini. Niandikie sentensi moja nzima ya mzee, kama alivyoitoa yeye mwenyewe, hata kama imekula dakika zako zote ishirini.