Mbwa Kavikwa Koja la Asumini, Mimi Sikutajwa

Bi Mahira mpendwa, asalaam alaykum. Naomba unisaidie, na unisamehe mwandiko, maana naandika kwa hasira, na hasira hii nalala nayo na kuamka nayo tangu Jumamosi iliyopita. Nina miaka ishirini na sita ya ndoa, naishi Mji wa Kale, watoto wetu karibu wote wakubwa, na mume wangu, tumwite Fuad, ni msimamizi wa walinzi kwenye godauni moja kule Shimanzi, na anayenitoa roho nyumbani kwangu si mke mwenza wala hawara, ni mbwa.

Mbwa mwenyewe aitwa Jabali, mlinzi wa godauni hilo. Ni wale mbwa majitu, kichwa chake chafika kiunoni kwa mtu mzima, na daktari wa mbwa husema mbwa wa aina hiyo akifika miaka minane watu hushukuru, kumi ni bahati, na huyu ametimiza kumi na tatu, mdomo wote umeota mvi, nyonga zimelegea, lakini akisikia sauti ya Fuad bado hujikongoja mpaka lango la godauni kumpokea. Fuad ndiye aliyemlea tangu akibebwa kwapani.

Sasa wewe ni mtu wa hapa, wajua kwetu mate ya mbwa yana sheria zake. Miaka kumi na tatu, kila siku, Fuad akirudi kazini hukuta nyuma ya mlango ndoo ya maji na bakuli la udongo safi, aoshe palipolambwa mara saba, mojawapo kwa udongo, ndipo apande juu kuswali. Udongo huo wadhani waota kwenye saruji ya Mji wa Kale? Mimi ndiye niliyekuwa nikiuagiza bara kwa gunia, nikiuchekecha kwa mkono wangu, nikitoa vijiwe visimkwaruze, na nguo zake za kazi nikizifua mbali kwa beseni lake, hata nilipokuwa na mimba ya mwisho na harufu ya mbwa ikinitapisha. Wake wengine wangemwambia tafuta kazi nyingine. Mimi nilichekecha nikanyamaza.

Basi tajiri wake, mwenye godauni, akaamua kumfanyia Jabali sherehe kwa kuishi umri huo, akaleta turubai, viti na bango lenye picha ya mbwa, na Fuad akaniambia, "Na weye uje, mke wangu, siku hii ni yangu." Nikapika pilau sinia nane kwa furaha kabisa, nikavaa buibui langu jipya nikaenda. Nafika namwona mume wangu yuwatoa koja la asumini kwenye mfuko, Bi Mahira, koja, lile la kuvishwa bibi harusi na mgeni wa heshima, analivisha shingoni mwa mbwa! Mimi mara ya mwisho kuletewa asumini na mtu yule ni siku ya harusi yangu. Kisha akashika kipaza sauti akalia machozi mbele za watu, akamshukuru tajiri, akamshukuru Daktari Joab anayemtibu mbwa, akamshukuru dereva wa lori aliyewahi kumpeleka Jabali kwa matibabu, akamshukuru mpaka muuza matumbo wa sokoni aliyekuwa akimwekea mifupa. Nikangoja jina langu. Akasema, "Nadhani nimewataja wote," akaketi, akala pilau langu.

Kama si dharau hiyo ningestahimili yaliyofuata. Jumapili akaniambia Jabali hawezi tena ulinzi, tajiri anataka aondoke, ama Fuad amchukue ama apigwe sindano afe, na daktari atapiga simu kupata jibu. Fuad akasema tumweke kwenye ua wetu. Nikamwambia, "Siku mbwa huyo akivuka kizingiti, mimi nitakuwa kwa mamangu." Akasema, "N'zee yule, yuwataka pahala pa kulala tu. Hata wewe hutazeeka?"

Jumatano alasiri yuko bafuni, simu yake ikalia, nikaipokea. Daktari Joab. Akasema mbwa hajambo, anakula vizuri, dawa zimemtuliza maumivu ya miguu, ila tajiri anamhimiza, je, Bwana Fuad ameamua vipi? Sijui nani aliyesema ndani ya kinywa changu. Nikamwambia, "Ameamua. Hana pa kumpeleka. Njoo Jumatatu asubuhi." Kisha nikaifuta ile simu isionekane. Fuad hajui. Leo asubuhi tena kamfungashia Jabali mabaki ya samaki akaenda zake, nami namtazama. Nimefurahi, wallahi nimefurahi, halafu nikiswali nashindwa kuinua mikono. Nyumba yangu itavunjika na sitaki ivunjike. Je, ninyamaze ifike Jumatatu nijifanye sijui, au niseme nipewe talaka yangu?

Aliyesahauliwa, Mji wa Kale

BI MAHIRA AJIBU:

Bibi, umeileta barua Alhamisi, kurasa nne, na Jumatatu umeitaja ukurasa wa mwisho. Hukuacha hata namba ya simu. Ningekupigia mimi mwenyewe, na usingeyapenda maneno yangu.

Nianze na haki yako, maana unayo. Mumeo amekukosea, tena kwa kipaza sauti. Mtu amkumbuke muuza matumbo amsahau mwanamke aliyemchekechea udongo miaka kumi na tatu! Nilipofika pale niliiweka barua chini nikazunguka meza, nikamtukana mumeo tusi ambalo mhariri hataliruhusu. Hasira yako ni halali. Kununa kwako ni halali. Hata ungelimwaga sinia moja la pilau mbele ya wageni, ningekutetea.

Lakini aliyekunyima shukrani ana miguu miwili. Mbona umempeleka kufa mwenye minne? Mbwa hakulinunua koja. Hakushika kipaza sauti. Amelinda mali ya watu mpaka nyonga zikamwisha, na umemsikia daktari kwa masikio yako kwamba anakula na hana maumivu. Kwa hiyo usiniambie ni huruma. Ulitaka Fuad aumie, ukachagua pale panapomuuma zaidi, ukatumia jina lake kuamua. Na mambo ya najisi usiniletee hapa, kwa sababu siku ile ya simu hukuwaza twahara, uliwaza kisasi. Kama ua wenu haumfai mbwa, hilo ni neno la kweli na una haki ya kulisema, ila lisemwe kwa mumeo, macho kwa macho.

Daktari naye nimemkasirikia. Roho haitolewi kwa jibu la mke kwenye simu ya mume. Na tajiri ndiye wa kuona haya kuliko nyote. Siku moja anapiga turubai kusherehekea mbwa mzee, siku ya pili anamtafutia sindano kwa sababu amezeeka! Godauni zima la Shimanzi, hakuna kona yenye kivuli ya kutandika gunia? Hilo ndilo Fuad alipaswa kumwambia badala ya kuja kugombana na wewe kwenye kizingiti. Jabali abaki pale pale alipoishi, Fuad amhudumie pale pale mpaka siku yake, na tajiri akikataa, Fuad amuulize mbele ya wageni wale wale walioshiba kwenye ile sherehe.

Ukurasa huu unatoka Jumamosi. Jina la mumeo umelibadilisha, sawa, lakini nitajie mbwa mwingine Mombasa aliyevishwa asumini. Kufikia adhuhuri Shimanzi yote itajua, kwa hiyo swali lako la kunyamaza limekwisha. Watangulie watu. Mwambie yote, ulivyopokea simu, ulivyosema, ulivyoifuta. Usianze na koja. Anza na kosa lako, na akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Akishamaliza, ndipo umwambie, "Na mimi ulinisahau," kisha unyamaze umngoje ajibu, hata akichukua saa nzima. Ukianza na talaka hutalipata jibu hilo maishani mwako, nami nadhani ndilo ulilokuja kuniomba.

Ila hayo yote ni ya pili. Kabla hujafungua mdomo kwa Fuad, kabla hujakunja gazeti hili, mpigie Daktari Joab. Mwambie aliyesema njoo ni wewe, si Fuad, na wewe ndiwe unayesema asije.