Kitanda cha Boti la Matanga

Neema mjukuu wangu,

Seremala mkubwa kuliko wote Singida nzima ndiye anayekuandikia, kwa hiyo umeuliza mahali penyewe. Bibi yako mzima, alizeti tumeshavuna. Unataka kujua kwenye mchoro wako wa boti la matanga kitanda kiwe na upana gani.

Kule Tanga nilimtengenezea mama mmoja mwenye boti kitanda cha futi sita kwa sita, kama cha maharusi wa kwetu Mwankoko. Akaenda kukijaribu baharini, upepo ukaliinamisha boti, akabingirika kitandani, akarudi na nundu.

"Fundi, huu uwanja wa mpira. Rekebisha leo, au urudi kwenu."

Nikakipunguza kikamtosha mabega, nikaweka ubao pembeni wa kumzuia asianguke. Safari ya pili akalala fofofo. Nilishangaa, wembamba nao ni raha.

Chuoni wakikuuliza kama babu alikilalia kitanda hicho baharini, nyamaza. Boti likiwa bado limefungwa kamba bandarini, mimi nilikuwa natapika.

Babu yako mdogo