Ketan na Prosesa Mbili

Jerop, uko? Binamu yangu Ketan, yule wa duka la simu la kwao, ametuaibisha, yaani wote!

Leo tumeenda na mamake kumposa Ankita kwao Bondeni. Mzee Dharmesh, babake Ankita, akatuonyesha kadi ya kijivu ya gemu, ile Ankita alikuwa anacheza akiwa mtoto. Ketan akatoa kigemu chake kipya cha mkononi. "Anko, hii inacheza kadi zote za zamani. Iko na prosesa mbili!"

Prosesa mbili, Jerop, yaani bongo mbili za mashine. Alisema mara tatu.

Kadi ikakataa kuingia. Akaisukuma na kisu cha siagi. KISU CHA SIAGI! Ikakwama, kigemu kikazimika.

Ankita akaweka chai chini. "Prosesa ni mbili, kweli, lakini ya kadi za kijivu haimo. Hii inasoma za juzi tu." Akaleta bisibisi, akakifungua pale mezani, akatoa kadi ikiwa nzima. Ketan kazi yake ilikuwa kushika tochi, jasho linamtiririka.

Mimi nilijua posa imekufa. Mzee akacheka mpaka akakohoa, akamwambia mamake Ketan, "Kijana nimemkubali. Lakini hilo duka lenu la simu ataendesha Ankita."

Na Ketan akasema asante!