Nilimdanganya Mjukuu Wangu Kuhusu Pikapu

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kwa jambo ambalo huenda likakuchekesha, kwa sababu linaanzia kwenye injini ya gari, nami najua wewe huandikiwa mambo ya ndoa na wakwe.

Nina pikapu ya zamani, ndiyo tuliyoondoka nayo kwetu miaka thelathini na moja iliyopita, mimi, marehemu mke wangu, mtoto wetu mmoja na masanduku mawili ya vitabu, na kwetu kwenyewe nasikia siku hizi hata barabara zimebadilishwa majina. Sasa pikapu hii ikisimama injini ikiwa inaunguruma hutetemeka, inakohoa, inataka kuzimika, kioo cha pembeni kinatikisika hata huoni kilicho nyuma, lakini ukikanyaga mafuta tu inatulia kama si yenyewe. Mjukuu wangu amesomea ufundi wa magari, na mwaka huu alifungua gereji yake hapa mbele ya nyumba, akatundika getini kibao alichokipaka rangi mwenyewe, na gari la kwanza aliloahidi kulitengeneza mbele za watu ni langu. Amebadilisha plagi, amebadilisha waya zake, amefungua kabureta akaisafisha kwa mswaki, na bado pikapu inatetemeka pale getini kila asubuhi, na fundi viatu wa ng'ambo ya barabara hupaza sauti, "Fundi, gari la babu yako lina homa au linakuogopa?" Watu wanacheka, kisha wanapeleka magari yao kwingine.

Sasa nikiri. Nadhani najua kinachoisumbua. Tulipokuwa njiani, mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kopo la breki ulipasuka, hatukuwa na mwingine, mke wangu akauzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, akachana pindo la mtandio wake wa bluu, akafunga, akakaza fundo kwa meno, akasema, "Twende, litatufikisha." Likatufikisha. Kila baada ya miaka michache naongeza utepe juu yake, kulifungua sijawahi. Wiki iliyopita mjukuu wangu aliinama pale pale akauliza, "Babu, na hapa chini ya utepe kuna nini?" Nami, mtu mzima niliyesoma vitabu vyote vile, nikamjibu, "Hapo nimeshakagua, usipoteze muda." Akauondoa mkono. "Babu akisema ameangalia, ameangalia," akasema, akarudi kwenye kabureta.

Jana nilimkuta getini na bisibisi anajaribu kulegeza skrubu za kibao. Anasema Jumatatu atakishusha, ataenda kuomba kazi ghalani, labda mikono yake haikuumbwa kwa ufundi. Na kila asubuhi huichukua pikapu hiyo hiyo kwenda kuleta vipuri chini ya kilima, analalamika kwamba siku hizi hata pedeli ya breki imekuwa ngumu, ila mimi nadhani ni uchovu tu. Nikisema ukweli atalikata fundo lile kwa kisu, nami sina kitu kingine ambacho mikono ya mke wangu ilikifunga na bado kimefungwa. Nikinyamaza, namvunja moyo mtoto asiye na kosa. Niliuze gari na siri yake? Nifanyeje?

Babu wa Pikapu

*

Mzee wangu, shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza machozi yalinilengalenga, ya pili nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonifanya nikujibu kabla ya wengine wanaongoja.

Mimi kwenye magari najua kupanda na kushuka. Kwa hiyo nilimsomea barua yako fundi anayetutengenezea magari hapa ofisini. Nilipofika kwenye pedeli, akaweka kikombe chini.

"Dada, huyo mzee bado anaendesha?"

"Anaendesha mjukuu."

"Na kuna mteremko?"

"Mzee anasema kijana hushuka kilima kila asubuhi."

"Basi mwambie azichukue funguo sasa hivi."

Sikia alichonieleza. Mpira ule ukivuja, injini huvuta hewa isiyotakiwa, ndiyo maana hutetemeka ikisimama na kutulia ukikanyaga mafuta. Lakini mvuto wa injini kupitia mpira huo huo ndio unaousaidia mguu kwenye breki. Ukipungua, pedeli inakuwa ngumu, na siku mpira ukiachia kabisa, mjukuu wako atakanyaga kwa nguvu zake zote na gari litachelewa kusimama. Halafu wewe unaniambia ni uchovu! Mke wako alifunga fundo lile ili watu wake wafike salama, mzee wangu. Hilo nalo umelisahau?

Zifiche funguo leo. Kisha mwite, na usianzie kwa bibi yake, maana atakuhurumia kabla hajajua ulichomtendea. Anza hivi: "Nilikudanganya. Hapo sikukagua." Akikasirika mwache akasirike, ana haki yake. Akimaliza, ndipo umsimulie habari za mtandio.

Mimi, wewe na fundi wangu tunakisia tu, kwa hiyo mwachie yeye apime. Gari likiwa limesimama na breki ya mkono imevutwa, awashe injini, aubane mpira kwa plaizi upande wa injini, kabla ya kiraka. Injini ikitulia, ugonjwa ameupata yeye. Isipotulia, aendelee kutafuta, lakini mpira ule ubadilishwe vyovyote vile.

Na kuhusu kisu: umesoma masanduku mawili ya vitabu na hili hukuliona? Cha kukatwa ni mpira. Aukate pande zote mbili za kiraka, kipande kizima kitoke na fundo likiwa limekazwa vile vile alivyoliacha bibi yake. Kiweke kwenye rafu, karibu na vitabu mlivyokuja navyo.

Afunge mpira mpya, aijaribu breki hapo uani mpaka aridhike. Kisha aiegeshe pikapu getini, chini ya kibao, injini ikiunguruma, nawe uvuke barabara ukamwite yule fundi viatu aje asikilize.