Mdogo Atakuwa

Baba,

Wanawake hatukulifuata jeneza, kwa hivyo kwaheri yangu iliishia mlangoni, katikati ya watu, na sijui kama ilikufikia. Ndiyo maana nakuandikia. Ni baada ya adhuhuri, mtaa wote wa Langoni umelala, na hapa ndani kinachosikika ni pampu ya tangi lako la samaki tu.

Nikwambie kweli, mpaka leo sijalia. Siku ya hitima kina mama walinitazama wakanong'onezana kuwa nina moyo mgumu. Si mgumu, Baba. Umekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa. Napika, nafagia, nafua. Mtu mmoja alipiga simu kuulizia friji aliyokuachia uitengeneze, nikamwambia angoje nikuulize. Nikaiweka simu chini, nikaendelea kumenya vitunguu.

Mama yumo edani, huu mwezi wa tatu. Amevaa nyeupe zake, anakaa kwenye kiti chako mbele ya tangi kutwa nzima. Nimelitunza kama ulivyokuwa ukilitunza. Maji ya bahari nayaagiza kutoka upande wa Shela, yanakuja kwa punda, na nayachuja kwa kitambaa kabla ya kuyatia. Umeme ukikatika nakimbilia betri ya pampu kabla sijatafuta taa.

Lakini sikuanza barua hii kwa ajili ya betri. Kuna kosa nimelifanya, na nimelifanya kwa jina lako.

Unakumbuka asubuhi ya mwisho? Mama alikuwa jikoni akikutengenezea uji, nami nilikuwa nimekushika mkono. Ulikuwa umefumba macho. Ukasema polepole, "Mkubwa akiondoka, musilete mkubwa mwengine. Mdogo atakuwa." Nikakuuliza unasema nini, ukarudia vilevile. Kabla ya adhuhuri ulikuwa umekwenda.

Mimi nilijua umeniachia wasia. Mkubwa wa nyumba hii nani, kama si wewe? Na mdogo nani, kama si mimi, mtoto wako wa pekee? Nikasikia kuwa nitakua, nitaishika nyumba, na mama asiolewe tena. Mama bado mbichi, Baba, unajua hivyo kuliko mimi, na maneno ya watu hayangoji eda iishe. Nikajiona nimebeba amana yako.

Siku ya kumi nikaifikisha. Nikakaa mbele yake, nikamwambia Baba alisema hivi na hivi, na maana yake ni hii. Maana nilimpa mimi, hakuniuliza. Akasema, "Nimesikia." Basi. Tangu hapo maneno yake yakapungua, na sinia ikawa inarudi jikoni na wali kama ulivyopakuliwa. Jirani zetu walisema ni huzuni, nami nikakubali ni huzuni. Nguo zikaanza kumpwaya.

Kisha bwana harusi akafa.

Majina yale alitoa mama, siku ulipowaleta wale samaki wawili kutoka Mombasa, rangi ya chungwa na mikanda myeupe. Mmoja mkubwa, mmoja mdogo. Mama akasema yule mkubwa ni bwana harusi na mdogo ndiye bibi harusi, tazama anavyomfuata nyuma. Wewe ulicheka mpaka ukakohoa, lakini hukumsahihisha. Mkubwa alikuwa ameanza kuacha kula hata kabla hujaondoka. Nilimkuta asubuhi amelala ubavu juu ya mchanga, nikamtoa kwa chujio la chai.

Yule mdogo alijificha nyuma ya jiwe siku nne, hata kwenye ule mmea wake wa vidole hakuingia. Najua si mmea, ulinifundisha kuwa ni mnyama, lakini mama huuita mmea na mimi nimezoea. Siku ya tano mama akasema, bila kunigeukia, "Mjane mwenzangu huyu. Mletee mwenziwe, asikae pweke." Lilikuwa jambo la kwanza kuniomba tangu uondoke. Nililisikia sikioni, Baba. Moyoni halikufika. Ningalifikiri kidogo tu ningalijua hakuwa akisema samaki peke yake.

Nikampigia Bwana Mutua, yule muuzaji wako wa Mombasa. Nikamwambia nataka samaki wa namna ya wale wako, mkubwa, mkubwa kabisa. Sikumweleza kitu kingine na yeye hakuuliza, alidhani tangi ni tupu. Nilikumbuka kumwomba video ya samaki akila, maana ulikuwa ukisema asiyekula mbele yako humtaki, awe mzuri vipi. Alikula vizuri. Macho maangavu, mapezi mazima, hana utando mweupe mwilini. Nikajisifu kidogo kuwa nimejua kuchagua.

Alipoingia hata hakuzunguka. Alimwendea yule mdogo moja kwa moja akamng'ata mkia. Nilidhani wanazoeana. Kesho yake pezi moja lilikuwa limechanika, mdogo amejibana kwenye kona ya juu, na mkubwa akimrudia kila anaposogea. Nilisimama nikitazama, mikono imening'inia. Mama ndiye aliyenizindua. "Mtoe. Yuwamuumiza." Nikaona kiti amekigeuza, amelipa tangi mgongo.

Nikamtenga yule mkubwa kwenye ndoo na pampu ndogo, nikampigia Bwana Mutua kwa hasira. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Pole, dada. Kumbe kuna mwingine ndani? Kwani mzee hakukuambia? Hawa wote huzaliwa madume. Yule mkubwa ndiye jike. Mkubwa akiondoka, hamleti mkubwa mwingine, watauana. Huyo mdogo wenu ndiye atakuwa mkubwa, atageuka awe jike. Mzee alijua, alisema huyo mkubwa wenu amezeeka. Wewe mtafutie mdogo kuliko yeye."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nilikaa chini pale pale sakafuni na simu mkononi.

Ulikuwa ukiniambia habari ya samaki. Unakata roho, Baba, na ulikuwa unawawazia samaki wako wasije wakapigana. Mdogo atakuwa mkubwa, ndivyo ulivyotaka kusema. Mimi nikasikia atakua. Nikachukua maneno ya tangi nikamfungia nayo mama yangu.

Nilingoja siku tatu kabla ya kumwambia. Niliogopa, nisikufiche. Nilijipa kazi ya kumngojea samaki mpya. Bwana Mutua aliahidi kumpokea yule mkubwa, akanitumia mdogo sana, wa urefu wa kidole gumba. Alifika Mokowe kwa basi, kisha akavushwa hadi hapa Amu kwa boti. Nikauacha mfuko uelee juu ya maji, nikamdondoshea maji ya tangi tone kwa tone kwa mpira wa dripu, kama ulivyonionyesha. Kazi hiyo huwezi kuiacha ukaondoka, na mama alikuwa amekaa nyuma yangu. Nikasema huku nikiyatazama matone. Nikamwambia yote: mkubwa nani, mdogo nani, na kwamba wasia ule ulikuwa wa samaki, na ile maana nyingine niliitunga mimi. Nikamwomba radhi.

Mama akauliza, "Basi hakunifungia ndia?"

Nikasema hapana, mama. Hakukufungia njia.

Akavuta pumzi. "Mimi sina haja ya mume," akasema. "Lakini miaka yote ile nimekaa naye, halafu aondoke haniamini. Hilo ndilo lililonikaa hapa." Akajigusa koo. Akaniuliza kuna nini cha kula. Nikampa mkate wa mofa na mchuzi uliolala, akala akamaliza, na mimi nikasimama jikoni nikamsikiliza akila. Hapo ndipo nilipolia, Baba. Si sana.

Mdogo mpya alipomwona mwenziwe alitetemeka mwili mzima, akainamisha kichwa, na yule wa zamani hakumgusa. Sasa wote wawili wanalala ndani ya ule mmea.

Lala salama, Baba. Mola akunawirishie kaburi lako. Naahidi sitasema tena kwa niaba yako. Eda ikiisha na mtu akaja kwa heri kumuulizia mama, nitampokea, nitamketisha, nitampa kahawa. Kisha nitakwenda kumwita mama ajibu mwenyewe.

Mwanao.