Hadithi Iliyosimuliwa Mchana

Jumapili, 8 Juni 2025

Likizo siku ya tatu, na tayari nimekubali jambo ambalo sikupaswa kulikubali.

Baada ya ibada Mwalimu Martina, wa Kiswahili, alinivizia mlangoni mwa kanisa. Alikuwa na Bwana Nadeem, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Yeye ndiye aliyeinunua ile jineri ya zamani, kiwanda cha kuchambulia pamba. Nikawaamkia, nikatazama viatu vyangu. Jumamosi Bwana Nadeem anafungua Nyumba ya Ngano humo jinerini, na yote yaliyomo ni ya mwandishi Mzee Valerian! Hadithi za Mzee Valerian ambazo kila mtoto wa Shinyanga amelala nazo. Si makumbusho ya kuchungulia vitu kwenye kioo, alisema Bwana Nadeem. Familia inaingia ndani ya hadithi na kutembea humo. Anatafuta msomaji.

Mwalimu akasema huyu ana aibu, lakini akishika kitabu utadhani mtu mwingine. Bwana Nadeem akasema aibu si tatizo. Msomaji atakaa nyuma ya pazia, watu watamsikia kwenye spika tu.

Nyuma ya pazia! Nikasema ndiyo kabla sijafikiri.

Sasa niko kitandani na kitabu cha Mzee Valerian, cha jalada la kijani, na siwezi kulala. Ni ule ukurasa wa kwanza. Mzee Valerian aliuweka katika kila kitabu chake: "Ngano hizi zisimuliwe jua likishazama. Ukizisimulia mchana, kitu kitaitika. Na ukianza, maliza. Usiwaache watu wa hadithi njiani."

Najua. Bibi zetu wote walisema hivyo, na darasani wanacheka. Ila mimi tangu nijue kusoma sijawahi kufungua kitabu hiki jua likiwa juu. Hata mara moja! Nina miaka kumi na sita, niko Kidato cha Tatu, nasoma sayansi. Hakuna anayejua siri hii.

Nyumba ya Ngano inafunguliwa saa nne asubuhi.


Jumanne, 10 Juni

Nimeiona. Sijui kama ninachohisi ni furaha.

Unaingia kwa kupita kati ya marobota ya pamba yaliyopangwa hadi darini, njia nyembamba, harufu ya vumbi na mafuta ya mbegu. Kisha uwanja wa nyumba ya Kisukuma, vigoda, chungu juu ya mafiga. Kisha lambo! Wamelaza vioo sakafuni na taa ya buluu chini yake. Unatembea juu ya maji, na chini kuna spika. Katika hadithi lambo huuliza maswali, na sauti yake ni Bwana Nadeem mwenyewe, amejibanza chini ya ngazi na maikrofoni. Na ule ukurasa wa onyo wameukuza ukutani, mlangoni kabisa, herufi kubwa kama za tangazo. Mafundi walikuwa wanapigia picha hapo.

Madirisha yote yamezibwa kwa turubai nyeusi. Nilijikaza nikamuuliza Bwana Nadeem kama hatuwezi kufungua jioni. Akacheka mpaka akakohoa. "Binti, humu ndani ni usiku saa zote. Usiku wote huu nimeuleta kwa lori la Fuso kutoka Mwanza!" Mke wake, Dada Naznin, atakayekata tiketi, akamwambia aache kumtania mtoto wa watu. Akanipa soda.

Ilikuwa saa nane mchana. Nilipoambiwa nifanye jaribio nilisoma utangulizi. Utangulizi si hadithi. Hakuna aliyegundua.

Nikajiuliza: usiku wa turubai ni usiku? Jua linajua kwamba limezibwa?


Alhamisi, 12 Juni

Nimemsindikiza Mama kliniki. Bado wiki tano ajifungue. Miguu imevimba, ukibonyeza, shimo linabaki. Nesi alisema presha iko juu, akae kitandani, na akiumwa kichwa au akiona ukungu arudi haraka. Nimesoma kadi mwenyewe. 150 kwa 100.

Njiani Mama akasema nisimpigie Baba. Yuko Geita, ni fundi wa makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, na mashine moja imewasumbua wiki nzima. Akiambiwa ataacha kazi aje bure, alisema Mama.

Sijampigia.


Ijumaa, 13 Juni

Mama anakuja kesho! Nilimwambia nesi amesema kitandani. Akasema amelala siku nzima, amechoka kulala kama gunia. Ataketi kwenye kigoda huko ndani, anisikilize tu. "Mwanangu asome mji mzima usikie, mimi nitazame dari?"

Basi siri ikanitoka. Nikamwambia kuhusu onyo na jua. Loh! Alicheka akishika tumbo. "Ng'wanone, mwanangu! Mtu anachora moyo wa chura kwenye daftari, anaogopa mchana!" Mdogo wangu Doni akadakia. Ana miaka saba. Ameimba jioni nzima: Zipora anaogopa jua, Zipora anaogopa jua.

Nimecheka nao. Lakini Mama alipogeuka kuingia ndani alijishika ukutani. Nikamuuliza. Kichwa kinauma kidogo tu, alisema.

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Sikupiga.


Jumamosi, 14 Juni

Saa moja asubuhi. Jua tayari. Anga jeupe, hakuna wingu hata moja. Ningeomba mvua, lakini ni Juni.


Saa nane na nusu. Hospitali.

Naandika kwa sababu nikiacha nitapiga kelele.

Kundi la kwanza na la pili walipita salama. Watoto walipiga mayowe ya raha, wakatoka wakitaka kurudi. Nikaanza kujiona mjinga. Nilikunywa maji. Nilijisemea: unaona? Hakuna kitu.

Kundi la tatu, karibu saa saba, walikuwamo Mama na Doni. Nilichungulia kwenye tundu la pazia. Mama alikuwa kwenye kigoda pale uwanjani, kando ya chungu, kanga ya kijani mabegani. Alinipungia mkono ingawa hanioni.

Hadithi ni ile ya msichana wa lamboni. Anakwenda kuchota maji, sauti inamuuliza kutoka chini, "Nyumbani mko wangapi?" Anajibu, "Tuko watano." Sauti inasema, "Mbona mimi nahesabu wanne?" Msichana anakubali, anarudi, bibi hayupo. Kigoda chake kipo, na bado kina joto. Kesho yake anaulizwa tena, anajibu wanne. "Mbona mimi nahesabu watatu?" Baba hayupo. Kila akiikubali hesabu ya lambo, mtu anatoweka.

Nikafika siku ya tatu, lambo limehesabu wawili. Anarudi nyumbani mbio. Nikasoma, "Ugali umo chunguni, nusu umesongwa. Mama hayupo."

Kitu kikaanguka. Nilidhani ni sehemu ya mchezo. Watu pia walidhani hivyo, wengine wakapiga makofi! Kisha Doni akalia "Mamaaa!" na huo haukuwa mchezo.

Alikuwa sakafuni. Mwili unaruka, macho meupe, povu. Mtu akapiga kelele, taa, taa! Taa hazikupatikana, basi mwanamume mmoja akarukia dirisha akaichana turubai. Jua likaingia lote. Lilianguka juu ya Mama, juu ya kitabu, juu ya mikono yangu. Niliona herufi zote. Ilikuwa mchana. Ilikuwa mchana muda wote.

Kitabu nilikiacha pale, kimefunguka.

Dada Naznin ndiye aliyetuleta, kwa gari lake, honi njia nzima. Bwana Nadeem aliketi nyuma akishika kichwa cha Mama, analia waziwazi, anasema ni kosa langu, ni kosa langu. Si kosa lake.

Daktari anasema ni kifafa cha mimba. Akauliza kama aliambiwa apumzike. Nikasema ndiyo. Nani alijua? Mimi.

Nimempigia Baba sasa. Sasa! Akasema, "Nakuja. Kaa na mdogo wako." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.


Saa tisa na dakika hamsini

Wanampeleka chumba cha upasuaji. Wanamtoa mtoto ili wamwokoe Mama, na daktari hakusema watafanikiwa. Alisema tutajitahidi. Wamempitisha hapa mbele yetu kwenye kitanda cha magurudumu. Uso umevimba, si wake. Doni hakumtambua. Au alimtambua, akageukia ukuta.

Dada Naznin ameingia maabara kutoa damu. Bwana Nadeem amekwenda kutafuta wengine wa kutoa. Tumebaki wawili kwenye benchi.

Wawili. Nimeandika neno hilo, nikaona ni hesabu ya lambo.

Doni ameanza. Ananivuta mkono. "Malizia." Nikamuuliza nini. "Hadithi. Umemwacha Mama huko."

Nikamwambia Mama yuko hapa, mlango ule, anaumwa, ni presha, ni kitu cha damu, nimekisoma. Akasema hapana. Ulisema Mama hayupo, akaanguka. Wewe ndiye uliyesema. Malizia arudi.

Mtoto wa miaka saba! Na mimi nimekuwa nikiwaza hilohilo tangu kwenye gari. Ukianza, maliza. Usiwaache watu wa hadithi njiani.

Mwisho naujua kwa moyo. Msichana anarudi lamboni mara ya mwisho. "Nyumbani mko wangapi?" Anasema watano. "Mbona mimi nahesabu wawili?" Watano. Sauti inanguruma, maji yanapanda magotini, kiunoni, kifuani. Watano. Msichana haikubali hesabu ya lambo, basi, mpaka waliopotea warudi. Hana silaha nyingine.

Ni dakika tano tu. Lakini jua! Limejaa dirishani, linachoma bega langu hili la kushoto. Litazama saa moja kasorobo. Nikisimulia sasa, nakosea mara ya pili. Nikisubiri, Mama atakuwa ameshakatwa, ameshatoka au hakutoka, na hadithi bado iko pale kwenye ugali nusu.

Ninajua presha ni nini. Ningeweza kuichora. Naogopa tu.


Saa kumi na nusu

Nimeanza.

Nilimpakata Doni, nikamfunika kichwa kwa kanga ya Mama, ile ya kijani. Ana usiku wake humo ndani. Mimi sina. Mimi nimekaa juani. Kama kuna kitu cha kuitika, kiitike kwangu.

Nilinong'ona. Msichana akachukua mtungi wake. Akapita kwenye kigoda cha bibi, kilikuwa kimepoa. Akafika lamboni, maji meusi, hayana hata kiluwiluwi. Akasimama ukingoni. Na sauti ikamuuliza...

Mlango ukafunguliwa. Nesi, mnene kidogo, miwani imeshuka puani, kalamu mkononi na kadi yetu ya bima ya familia. Akaangalia huku na huku, hakuna mtu mzima. Akaniangalia mimi.

"Ninyi ndio watoto wa Lusia? Nyumbani mko wangapi?"

Doni akaganda. Nilihisi kucha zake kwenye paja langu.

Nesi akauliza tena, kwa haraka, ana kazi. Nyumbani mko wangapi, binti?

"Watano."

Akainamia kadi, akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Mbona mimi hapa naona wanne?"

Sikuwahi kuogopa namna hii. Hata pale jinerini. Na yeye ni nesi tu! Mama wa watu, ana jasho kwenye paji la uso, ana doa la dawa mfukoni. Alingoja nimwambie ndiyo, wanne. Ingekuwa rahisi. Ndivyo kadi inavyosema. Baba, Mama, mimi, Doni.

"Watano," nikasema. Nilisema kwa nguvu, mpaka mlinzi kule mwisho wa korido akageuka. Mimi! "Andika watano."

Akanitazama juu ya miwani. Nilidhani atanikaripia. Akasema mtoto haandikwi mpaka atoke, mwanangu.

"Watano," akasema Doni ndani ya kanga.

Nesi hakuandika, wala hakukata kitu. Aliichomeka kalamu kwenye nywele zake na kurudi ndani, na mlango ukajifunga wenyewe polepole.

Ni dakika kumi sasa tangu hapo. Baba amepiga, amepita Kahama. Jua bado liko begani, limeshuka kidogo tu. Hakuna sauti ndani. Nimeweka sikio mlangoni, hakuna.

Doni anauliza kama imeisha. Nimemwambia bado. Msichana yuko majini hadi kifuani, ameulizwa tena, na anajibu: watano.