Jicho la Pili

Jumapili, 2 Machi

Ibada ndefu leo. Baadaye akina mama wa kikundi chetu tulibaki nyuma. Mke wa mchungaji katupa zoezi la Kwaresima: kila mmoja achague mtu asiyepikika naye chungu kimoja, ampende siku arobaini. Si kwa maneno — kwa kitu kinachouma kukitoa. Na usimtangazie mtu. Salamu na tabasamu hazihesabiki, kasema, hata mwenye duka anazitoa.

Sikuhitaji kufikiri. Kipaza! Mwaka wa sita sasa tunakata nguo meza moja na damu zetu haziendani. Anaongea tangu anavua viatu asubuhi hadi anavivaa jioni. Ndiye aliyenipachika jina la Mtakatifu, na sasa karakana nzima inaniita hivyo, hata mlinzi. Kisa niliwahi kuiombea mashine iliyokwama. Ikawaka, lakini hilo halisimulii.

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza. Nimempa kiti changu cha dirishani, ninapoketi kuchora kabla ya kukata. Kinauma kweli, ule mwanga wa asubuhi ndio miwani yangu. Kakikalia kama amekirithi kwa bibi yake. Alichosema tu: "Huku kuna upepo."

Jumatano, 5 Machi

Nimempelekea chai. Kasema haina sukari. Nikairudisha jikoni, nikaongeza sukari, nikaipeleka tena. Nimejikaza kisabuni.

Habari kubwa! Msimamizi wetu wa meza anastaafu mwisho wa mwezi. Mama, yaani mwenye karakana, kaniita pembeni: nafasi ile anaona ni yangu, ila nisitangaze. Nimemwambia binti yangu tu. Karuka hadi kiti kikaanguka. Miaka kumi na tisa nimeshika mkasi nikiwa wima! Magoti yangu yatashukuru.

Alhamisi, 6 Machi

Kipaza leo kawasimulia mafundi wa cherehani jinsi ninavyoomba kabla ya kunywa chai. Eti chai inapoa, inaganda, inaota ukungu, mimi bado sijafika kwenye amina. Wakacheka hadi cherehani zikasimama. Nami nilicheka, kwa meno tu. Sijamsemesha tangu hapo.

Siku ya nne ya upendo.

Ijumaa, 7 Machi

Tumekata makoti ya hoteli. Thelathini, kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, upande mmoja unang'aa, wa pili umefifia. Msimamizi alikuwa kliniki. Kipaza katandika, Kipaza kakata. Nimechoka. Nimewaombea wote kazini, na yeye pia.

Jumatatu, 10 Machi

Balaa! Mafundi wamefungua mafurushi ya makoti asubuhi. Vipande vya mbele sitini, vyote vya kushoto. Cha kulia hakuna hata kimoja! Kitambaa chenye uso hutandikwa uso kwa uso, tabaka hili litazame lile, ndipo mkato mmoja utoe kushoto na kulia. Kipaza alitandika tabaka zote uso juu. Jora limekwisha. Madukani rangi ile haipo tena. Hoteli inataka makoti yake wiki ijayo.

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Sheria ya meza yetu kila mtu anaijua: mkasi hauingii kabla mwenzako hajafunua pembe nne za kitambaa, akaangalia, akachora alama yake ya chaki ukingoni mwa tabaka la juu. Tunaita jicho la pili. Mama kauliza, jicho la pili alikuwa nani? Vitambaa vya pembeni vimeshafagiwa, na alama imekwenda navyo. Kipaza akatazama sakafu. Kimya. Kipaza — kimya!

Basi umekata peke yako, kasema Mama. Kukosea anasamehe. Kukata bila jicho la pili hasamehi. Uamuzi Ijumaa.

Jumanne, 11 Machi

Karakana imepooza. Sikujua kelele za Kipaza ndizo zilizokuwa zikisukuma siku. Nimempelekea chai, sukari nyingi. Kainywa yote. Kasema, "Asante, dada." Dada!

Dada wa mashine ya vifungo kaniambia Kipaza anamuuguza baba yake, mwaka wa tatu hainuki kitandani. Hana mwingine. Miaka sita meza moja, sikujua. Yeye anaongea siku nzima na hilo hajalisema. Au nami sikuuliza.

Jioni nimepiga magoti. Maneno hayaji.

Jumatano, 12 Machi

Ijumaa sikuandika yote. Hata humu, kwenye daftari lisilosomwa na mtu, nilificha.

Jicho la pili nilikuwa mimi.

Aliniita: "Mtakatifu, njoo uangalie." Nilikuwa bado nimenuna kwa ajili ya ile chai ya ukungu. Nikaenda, nikachora alama yangu haraka, sikugusa hata pembe moja. Uso nimeugeuzia ukutani nisimwone. Ningefunua pembe moja tu ningeliona kosa, mtoto wa wiki ya kwanza angeliona. Kisha Jumatatu, mbele ya Mama, nikaona alama imefagiwa. Nikashukuru! Ndiyo, moyoni nilisema asante Bwana. Funika kombe mwanaharamu apite — na mwanaharamu mwenyewe ni mimi.

Kiti nimempa, chai nimempa. Kile kimoja alichoniomba kwa mdomo wake nimemnyima.

Nikisema, nafasi ya usimamizi imekwenda, labda na kazi yenyewe. Binti yangu amebakiza mwaka mmoja chuoni. Nisiposema, Kipaza anatoka Ijumaa, nami napanda kiti. Ninaogopa. Niandike hivyo hivyo: ninaogopa.

Nimemuuliza binti yangu kama habari ya watu wengine, mtu fulani kazini kafanya hivi na hivi, ingekuwa wewe ungefanyaje? Akaacha kula. "Mama, huyo mtu fulani si wewe?"

Nikamwambia ale chakula, kinapoa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepanda ngazi za ofisi mara mbili. Mara ya kwanza Mama alikuwa na mgeni. Mara ya pili hakuwa na mgeni. Nikaomba chaki.

Chaki tunazo pakiti nzima.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi. Daftari lilikuwa mkobani, na mikono inataka kazi.

Nimesema. Saa mbili asubuhi, kabla ya cherehani kuwashwa. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri tangu alfajiri, yote yakapotea ngazini. Nikasema tu: Mama, alama ya chaki ilikuwa yangu, sikufunua pembe, nilimnunia mwenzangu. Akavua miwani. Akaniuliza kama Kipaza amenituma. Nikasema hapana, hajui. "Na wewe ndiye niliyetaka kukupa meza," kasema. Hakuwa mkali. Alionekana kuchoka.

Kanituma nje nisubiri, na Kipaza aitwe. Lazima mmoja aondoke, kasema. Akituacha wote kazini, kuanzia kesho hakuna atakayefunua pembe karakana nzima.

Kipaza kapanda, kakaa upande wa pili wa benchi. Mtu wa tatu angetosha katikati. Nikamwambia nimekiri, na nikaomba msamaha. Wa Ijumaa ile, na wa Jumatatu nilipokaa kimya akibebeshwa mzigo wangu.

"Nilikuona," kasema. Sauti ya chini, sikujua anayo. "Unachora huku unatazama ukuta."

Kumbe alijua! Mbona hukumwambia Mama? Siku nne zote!

Akainua mabega. Ile Jumatatu ilikuwa kwenye ulimi, kasema, karibu aiteme. "Halafu nikaona, kitambaa nimetandika mimi. Kazi yangu imeshakwenda. Nikikuburuta na wewe nitapata nini? Una mtoto chuoni."

Na baba yako? nikauliza.

Kanitazama kama anashangaa nimejuaje. "Mungu atafungua mlango," kasema. Halafu: "Usicheke. Hata sisi tusioomba kirefu tunaomba."

Sikucheka. Nimelia, kamasi na vyote, mbele ya ofisi, saa za kazi. Hakuna aliyempa zoezi lolote huyu. Siku kumi na mbili mimi nahesabu vikombe vya chai, yeye siku nne amenibeba mgongoni nami sijui. Kanipa kipande cha kitambaa nijifute. Damu ya mzee. Cha kushoto, kasema, vipo vingi.

Mama akafungua mlango, barua mkononi. Barua ni moja, kasema, na mahali pa jina ameshindwa kupajaza tangu asubuhi. Kosa tunalijua wenyewe. Aje mmoja, achukue.

Tukasimama wote wawili. Nikapiga hatua, Kipaza akanivuta sketi nyuma, akatangulia. Nikamshika mkono. Akauvuta, sikuachia. Mama akatutazama, mmoja baada ya mwingine, akasema kaeni kwanza. Akarudi mezani kwake na barua yake. Mlango ameuacha wazi. Kaketi, kalamu mkononi, haandiki.

Tumekaa. Mimi naandika kwa mkono mmoja. Mkono wa Kipaza nilishauachia muda, ila huu wangu wa pili bado ameushika.